Ya Tatu Kwenda ya Nne

"Wewe ukiburutwa kitandani asubuhi, uso hujanawa, ukaambiwa panda mlima mbio, utafika au utatapika?"

Mwalimu alimtupia mwana wa shemeji yake swali hilo mbele ya wanafunzi saba, na wala hakuwa anasubiri jibu. Turbo alikuwa kwenye usukani wa gari dogo jeupe la shule ya udereva, mlango wazi, mguu mmoja nje, mwingine umekandamiza mafuta hadi sakafuni. Gari lilikuwa nyutro, nje ya gia zote, limesimama, halijamaliza hata dakika moja tangu liwashwe, na mshale wa mizunguko ulikuwa umegota kwenye nyekundu ukitetemeka. Injini ililia, ikajikata, ikalia tena, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayekabwa na kuachiwa. Wapita njia waligeuza shingo. Ndicho alichokitaka. Kelele ni tangazo la bure, alikuwa akisema, na tangu aanze kupiga resi pale getini kila asubuhi, vijana walikuwa wanajiandikisha wengi kuliko wakati wowote.

"Mama mdogo, hii si injini ya enzi zenu," Turbo alisema bila kuondoa mguu. "Ina kompyuta. Mshale ukifika hapa, mafuta yanakatwa yenyewe. Kikomo wamekiweka wenyewe waliotengeneza. Mimi nafika tu, sivuki."

"Na kikomo cha adabu nani alikuwekea?"

Wanafunzi wakacheka, wengine wakijifanya wanakohoa. Turbo akaachia mafuta. Jina hilo alijipa mwenyewe, na jina la utani la kujipa ni kama nguo ya kujishonea gizani, mvaaji tu ndiye anayeona imemkaa. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mtoto wa mwenye shule kwa mke wa kwanza. Dada mkubwa wa Mwalimu ndiye mke wa pili, ndiyo maana Turbo alimwita Mwalimu mama mdogo, hasa pale alipotaka kumkumbusha kwamba ni mdogo.

Kelele zilimtoa mwenye shule ofisini. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hakuhitaji ya juu kwa kuwa funguo zote alikuwa nazo yeye. Mwalimu akamweleza, kwa mara ya nne mwaka ule, kwamba injini ya baridi oili yake bado imelala chini, nzito, haijapanda, na ukiikanyaga hivyo chuma kinasugua chuma. Mara mbili alikuwa amemweleza kwa mdomo na mara moja kwa barua. Barua ile aliikuta wiki moja baadaye imewekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

"Shemeji," mwenye shule alisema, "gari ni langu, mtoto ni wangu, na kelele ni zangu. Wewe fundisha."

Basi akaenda kufundisha.

Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alifagia mitatu. Dada yake alipoolewa alimleta mdogo wake afagie ofisi na kuchemsha chai, kwa sababu mwanamke mwenye darasa la saba na cheti kilicholiwa na mende pembeni ataombewa kazi gani nyingine. Saa za chakula, walimu wakijinyoosha kivulini, yeye aliketi ndani ya gari lililozimwa akabadilisha gia. Moja, mbili, tatu, nne. Mguu chini, mguu juu. Walimcheka, wakamwambia angalau apangushe vumbi humo ndani akimaliza safari. Akapangusha. Siku mwalimu mmoja alipougua na mwanafunzi wa mtihani akawa amesimama mlangoni, mwenye shule akatazama huku na huku akakosa mtu, na yule mfagiaji akasema, "Mimi naweza." Tangu siku hiyo ufagio aliushika nyumbani kwake tu.

Alifundisha kwa ukali na kwa masikio. Injini aliisikia kama mama anavyosikia kikohozi cha mtoto aliye chumba cha pili. Asubuhi hakuna mwanafunzi wake aliyeondoa gari kabla ya kuhesabu hadi sitini. Waliomwona mkorofi waliomba kuhamishwa, lakini siku ya mtihani wakirudi na sura za msiba yeye ndiye waliyemtafuta awanyooshe. Upande wake wa abiria kulikuwa na pedali mbili za ziada, klachi na breki, naye alikaa na miguu juu yake siku nzima. Viatu vyake vilitoboka soli kabla ya juu kuchakaa, na fundi viatu alikuwa akimwuliza kama anaendesha baiskeli isiyo na minyororo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la mbao, yaani vyumba viwili kama jiko nalo litahesabiwa. Watoto hakubahatika. Mume alikuwa naye, akaondoka. Kilichobaki ni ile kazi na jina alilojitengenezea humo. Mtu akisema "yule Mwalimu" bila kuongeza neno, barabara nzima ilijua ni nani.

Sasa sikia mambo ya Jumatano.

Kulikuwa na mhasibu mmoja wa makamo, mtu mpole, viganja vyake vikitoa jasho kama chungu kipya. Wiki mbili za mwanzo alifundishwa na Turbo. Turbo alimwambia gia haibadilishwi mpaka injini ilie, kwa sababu dereva mwoga ndiye anayebadilisha mapema. Jumatano Turbo hakuonekana, mhasibu akaangukia kwa Mwalimu. Wakatoka na lile gari jeupe la getini hadi kwenye barabara ndefu nyuma ya viwanda, ile yenye mteremko, ambako wanafunzi hufundishwa mwendo.

Mhasibu akaingiza ya tatu na kuivuta. Akaivuta. Gari likafika tisini, mshale ukaikaribia nyekundu, injini ikapiga kelele, naye ametulia kama aliyefuata maelekezo ya daktari. Mwalimu akamwuliza nani alimfundisha hivyo. Mhasibu akasema. Hapo ndipo Mwalimu alipomgeukia mwili mzima, mgongo dirishani na miguu imefuata mgongo, akaanza. Alimweleza habari ya oili. Alimweleza habari ya Turbo, na malezi ya Turbo, na watu wanaozaa wakaachia barabara ilee. Alikuwa amefika mahali patamu kabisa pa maneno yake, pale anaposema injini ya watu haina mdomo wa kushtaki, wakati mhasibu, akitaka kumridhisha upesi, alipoitoa gia ya tatu kwenda ya nne. Mkono ulikuwa na jasho. Ukateleza pembeni kidogo.

Ikaingia ya pili.

Kompyuta inakata mafuta tu, magurudumu haiwezi kuyakata. Gari lilikuwa linashuka kwa tisini, na magurudumu yakaikamata injini yakaizungusha yanavyotaka yenyewe, kupita nyekundu, kupita mwisho wa namba. Sauti ile Mwalimu hakuwahi kuisikia maishani. Alitafuta klachi kwa mguu, mguu ukakanyaga zulia. Akageuka, akaipata. Zilikuwa sekunde mbili. Injini ikakohoa, ikatikisika, ikazima, wakateremka kimya hadi chini ambako kuna mtaro.

Mhasibu aliuliza amefanya nini.

"Hujafanya kitu," Mwalimu alimwambia. "Gari limechoka."

Miaka kumi na tisa alikuwa hajawahi kumdanganya mwanafunzi kuhusu kosa lake. Mhasibu alishukuru, akaenda zake, na kesho yake akatuma ujumbe kwamba ameamua ataendelea kupanda basi.

Shuleni, Turbo alikuwa wa kwanza kusema. Gari limefia mikononi mwa nani? Si mikononi mwake. Mwalimu akajibu kwamba limeuawa kila asubuhi pale getini, kwake limekuja kuzikwa tu. Wanafunzi walipenda maneno hayo, wakayarudia hadi jioni. Nyani haoni kundule. Yeye lake aliliona vizuri sana, akalikalia.

Mwenye shule hakugomba. Alisema tu kwamba lililobaki ni gari moja, na gari moja halilishi walimu wawili. Injini itafunguliwa, vyuma vyake vionyeshwe Jumamosi mbele ya wote, na yule ambaye mkono wake utaonekana humo ndani ataondoka. Atakayefungua ni yule fundi wa siku zote.

Fundi wa siku zote alikuwa mtalaka wa Mwalimu.

Waliishi pamoja miaka kumi na mmoja. Watu walimjua kama mtu ambaye ulimi wake haujui njia ya moja kwa moja. Alikotoka hakukuwa alikosema, na aliyekuwa naye alikuwa binamu kila mara, mpaka Mwalimu akamwuliza ukoo wenu una mabinamu wangapi wanaopaka manukato. Lakini injini hakuwahi kuisemea uongo hata moja. Mteja angemlilia, tajiri angemtisha, yeye angesema iliyokufa imekufa na nzima ni nzima. Ndiyo sababu mwenye shule hakumwamini mwingine. Miaka minane tangu waachane, yeye na Mwalimu walikuwa kwenye barabara moja kama nguzo mbili za umeme, hawasalimiani.

Ijumaa mchana Mwalimu akaenda gereji. Alikuta miguu ya fundi imetokeza chini ya lori, akaisimamia.

"Vali umeziona?" aliiuliza miguu.

Kisha fundi akajisukuma nje, mgongoni juu ya kipande cha boksi, mvi zimeongezeka, oili hadi kwenye nyusi. Alimwambia amezifungua jana. Vali sita zimepinda, na kwenye vichwa vya pistoni kuna alama zilipogongana. Resi ya kusimama haifanyi hivyo kwenye injini ile, kompyuta ingekata. Hiyo ni gia.

"Umeiingiza ya pili," alisema.

"Si mimi."

"Ulikuwa ndani."

Fundi akakaa kitako. Akamwonyesha na kingine, kwenye sinia la bati: zile bering za chini zinazobeba mikono ya pistoni. Zilitakiwa ziwe laini kama kucha. Zilikuwa zimekwanguka hadi shaba inaonekana. Hizi, alisema, ni resi za baridi. Miezi na miezi. Injini ingekufa kwa hizi kabla mwaka haujaisha, gia au bila gia.

Mwalimu akasema basi vizuri, kesho aseme hizo. Aonyeshe hizo tu. Vali azisahau kwenye ndoo.

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Nilikufundisha gari mimi," Mwalimu alisema. Hakuwa amepanga kulitaja. "Ulijua kila kilichomo ndani ya gari, kuliendesha hujui. Masomo ishirini, jioni kwa jioni, na ukaniambia utanilipa ukipata leseni. Ulipoipata ukapakia nguo zako kwenye gari letu, ukaondoka unaliendesha mwenyewe. Nilikuwa mlangoni. Hata indiketa uliwasha kabla ya kukata kona. Nikajisema, mwanafunzi wangu huyo, angalau hilo amelishika. Hujanilipa hata somo moja. Nilipe kesho."

Fundi, mtu ambaye uongo ulikuwa ukimtoka kama pumzi, akakitupa kile kitambaa.

"Niambie nikulipe kingine," alisema. "Nije niezeke paa, niuze hii jeki. Injini sitaisemea uongo. Nikishaisemea mara moja, nitabaki na nini?"

Mwalimu alimwita jina ambalo si la kuandikwa, akaondoka.

Usingizi haukuja vizuri. Alikuwa na hakika kesho atazikwa, na atakayeshika koleo ni yule yule aliyemwacha mlangoni.

Jumamosi wote watano walisimama kwenye gereji, chini ya bati lililokuwa limeanza kuwaka jua. Mwenye shule alikuja na mkewe, dada yake Mwalimu, kwa kuwa dada ndiye aliyekuwa akishika vitabu vya hesabu na mkoba. Turbo alivaa miwani ya jua, akawa anachezea funguo za gari lililobaki. Fundi alikuwa ameosha meza. Kushoto aliweka bering, kulia aliweka vali.

Alianza na kushoto. Alimpa mwenye shule bering moja mkononi aipapase. Alieleza kwa utaratibu kama mtu anayesoma barua ya mwingine: gari likiwa la moto, oili ikiwa imejaa, ukafika kikomo mara moja ukaachia, injini haifi, na anayesema itakufa hapo hapo anatisha watoto. Lakini hii ilikanyagwa baridi, kila siku, na mara kumi, ikajila. Turbo akasema kompyuta. Fundi akamwambia kompyuta inahesabu mizunguko, haijui kama oili imefika. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, Turbo akavua miwani.

Fundi angeweza kuishia hapo. Mungu akipenda angeishia hapo.

Fundi akahamia kulia. Akainua vali moja, akaiviringisha mezani ili wote waone inavyoyumba. "Hii ni nyingine," alisema. "Hii ni gia iliyoingia vibaya kwenye mwendo mkali. Aliyekuwa ndani ya gari ndiye anayejua. Mimi sikuwepo."

Hakumtazama Mwalimu. Ilikuwa nafasi, na Mwalimu aliiona kwa upana wake wote. Mhasibu yuko kwenye basi lake. Hakuna shahidi. Angesema hajui, labda ni zamani, labda ni Turbo, na kwa ulimi alionao angelifunga jambo lile kabla mwenye shule hajameza mate. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akaitazama ile vali ikijiviringisha na kurudi, na akagundua kwamba mtu pekee mle ndani aliyekuwa anajua anachokisema alikuwa mwanamume ambaye yeye alimdharau kwa miaka minane.

"Ilikuwa ya tatu kwenda ya nne," alisema. "Ikaingia ya pili. Mguu wangu haukuwa kwenye klachi. Nilikuwa nimegeuka, namsimulia mwanafunzi jinsi huyu anavyoua injini."

Turbo alicheka. Kicheko kilimtoka bila kutaka, kifupi, akakimeza, lakini kilikuwa kimeshasikika.

Mwalimu akaendelea, hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema kosa lake ni hilo na halikatai. Ila injini ile ilikuwa maiti inayotembea, bering ziko mkononi mwa shemeji, azitazame vizuri. Na mwanafunzi aliivuta ya tatu hadi nyekundu kwa kuwa amefundishwa hivyo hapo hapo shuleni. Kama ni kuondoka, waondoke wawili.

Mwenye shule aliirudisha bering mezani, akajifuta kidole kimoja kimoja. Alisema kwamba amesikia, na fundi ameeleza vizuri. Lakini injini ilizimika Jumatano, na Jumatano ilikuwa na shemeji, na mwenyewe amesema. Kijana ataonywa. Shemeji atalipwa mwezi wake hadi mwisho.

Mwalimu akamtazama dada yake. Ndiye aliyemleta pale, ndiye aliyemshonea sketi ya kwanza ya kazi. Dada alikuwa anafunga na kufungua kifungo cha mkoba. Alifunga, akafungua. Kisha akasema jua limekuwa kali, na kuna watu wanasubiri ofisini.

Wakaondoka, Turbo mbele. Alipoliwasha lile gari lililobaki pale nje, hakuliacha hata lipumue. Mshale bila shaka uligonga nyekundu, kwa kuwa sauti ile ya kukabwa na kuachiwa iliwafikia hadi ndani, ta-ta-ta, ikapungua barabarani. Fundi alikunja uso kama aliyekanyagwa kidole.

Walibaki wawili na injini iliyofunguka. Fundi alianza kukusanya vali, akizitumbukiza kwenye ndoo moja moja. Alisema, bila kugeuka, kwamba alisubiri aseme mwenyewe kwa sababu yeye hakuwepo, na asichokiona hakisemi. Akasema kama anamwona amemkosea, atukane tu, gereji iko tupu.

Mwalimu alikuwa na matusi ya kutosha, mengine ya miaka minane, yamekaa yakaiva. Akayatafuta, hakuyapata mahali pake. Miaka arobaini na tisa, hana kazi, na kuna shule nyingine tatu tu za udereva ambazo kufikia jioni zitakuwa zimesikia. Jumatatu angeanza na ile ya karibu. Angewaambia kabla hawajauliza.

Alichukua mkoba wake, akasimama mlangoni kwenye mstari wa jua.

"Miaka kumi na mmoja ndani ya nyumba moja," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza umefungua mdomo nikaamini maneno yote. Masomo yale ishirini sikudai tena."

Fundi aligeuka akiwa na vali mkononi, akataka kusema kitu, pengine kizuri, na kwa kumjua alivyo pengine si kweli.

"Usiongeze," Mwalimu alimwambia, akatoka.